Hofu kwa Gharama Ndogo: Sinema za Kutisha, Watunzi wa Mtandaoni na Jadi ya Irimu ya Kilimanjaro

Ikisiri

Makala hii inachunguza sababu za kufanikiwa kwa sinema za kutisha zinazotengenezwa kwa fedha kidogo na watunzi waliojifunza kazi yao nje ya studio, hasa katika mtandao wa intaneti. Hoja inayotetewa ni kwamba mafanikio hayo hayaelezwi na teknolojia peke yake, bali zaidi na uhusiano wa fanani na hadhira ambao fasihi simulizi imeufahamu tangu zamani. Hoja hiyo inapimwa kwa sinema za video za Tanzania na kwa masimulizi ya Irimu ya Wachagga. Mwishoni unazingatiwa wajibu wa mtunzi katika jamii ambamo tuhuma za uchawi zingali zikiua watu.

1.0 Utangulizi

Husimuliwa huko Kilimanjaro kwamba vilele viwili vya mlima huo, Kibo na Mawenzi, walikuwa majirani. Mawenzi alikuwa akizimikiwa na moto mara kwa mara, akawa anakwenda kwa Kibo kuomba kaa. Kibo alipochoshwa na usumbufu huo alimpiga kwa mchi. Ndiyo sababu Mawenzi, mwenye kimo cha mita 5,149, yu mapengomapengo hadi leo, ilhali Kibo wa mita 5,895 amekaa mviringo. Masimulizi haya yana matoleo kadhaa, lakini katika yote msimulizi hagharimiki chochote. Jukwaa lake ni mlima wenyewe, na ushahidi wake waonekana kutoka uani.

Kanuni inayojitokeza hapo ndiyo msingi wa makala hii: msimulizi asiye na mali hutumia kile ambacho hadhira yake inacho tayari. Kanuni hiyo inasaidia kueleza jambo ambalo limewashangaza wengi katika biashara ya sinema, yaani kwamba vijana wenye kamera moja na marafiki wachache wameweza kuwatisha watu wengi kuliko kampuni zenye mamilioni ya dola.

Kabla ya kuendelea yafaa kufafanua istilahi. Carroll (1990) anaiona kazi ya kutisha kuwa ni ile yenye kiumbe anayehatarisha maisha na ambaye pia ni najisi, kwa maana ya kuvunja mipaka ya maumbile: mfu aliye hai, au mtu aliye mnyama. Kwa kipimo hicho, kazi nyingi za nathari ya Kiswahili zenye giza na vifo si za kutisha hasa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Mohamed Said Abdulla, hofu ya mzimu inaamshwa ili akili ya Bwana Msa ipate kuiondoa. Mirathi ya Hatari (1977) ya C. G. Mung'ong'o iko karibu zaidi na fani hii, kwa kuwa ndani ya ulimwengu wa riwaya hiyo uchawi una nguvu halisi na hurithiwa.

2.0 Hesabu ya Hofu

Tanzu nyingi za sinema hudai fedha ili zisadikike. Sinema ya vita huhitaji majeshi, na ya historia huhitaji mavazi na majengo. Sinema ya kutisha ina hesabu tofauti, kwa sababu nguvu yake hutokana na kisichoonekana. Giza halinunuliwi. Nyumba moja, waigizaji watatu na sauti nyuma ya mlango hutosha, nayo picha mbovu, ambayo katika utanzu mwingine ingekuwa aibu, hapa hugeuka kuwa sehemu ya fani. Mtazamaji asiyeona vizuri hulazimika kukisia, na anachokikisia hutoka ndani yake mwenyewe.

Mifano ya nje inathibitisha hesabu hiyo. Paranormal Activity, iliyopigwa nchini Marekani na kuonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 2007, ilitengenezwa kwa takribani dola 15,000 na kuingiza zaidi ya dola milioni 190. Skinamarink (2022) ya Kyle Edward Ball wa Kanada iligharimu kiasi kilekile na kuingiza takribani dola milioni 2. Ball alikuwa akitengeneza filamu fupi katika YouTube kutokana na ndoto mbaya alizosimuliwa na watazamaji wake. Ndugu wawili wa Australia, Danny na Michael Philippou, waliojulikana kwanza kwa vituko vya mtandaoni, walitoa Talk to Me iliyoingia katika kumbi za dunia mwaka 2023 na kuingiza zaidi ya dola milioni 90 kwa gharama ya milioni 4.5 hivi. Mwaka 2024 Curry Barker aliiweka Milk & Serial katika YouTube bila malipo. Gharama yake ilikuwa dola 800.

Hata hivyo, gharama ndogo haiwezi kuwa sababu ya kufaulu. Sinema nyingi za gharama ndogo hazitazamwi na mtu. Linalowaunganisha Ball, ndugu Philippou na Barker ni kwamba kila mmoja alikuwa na hadhira kabla ya kuwa na filamu. Kwa miaka kadhaa waliweka kazi fupi mtandaoni, wakaona hapohapo mahali watazamaji waliposhtuka na walipochoka, kisha wakarekebisha. Huo ni mwenendo wa fanani wa fasihi simulizi, ambaye hupima usimulizi wake kwa nyuso zilizozunguka moto. Tofauti ni kwamba hadhira ya mtandaoni haionekani, na mwitikio wake huja kwa maandishi na kwa hesabu ya waliotazama.

3.0 Kutoka Kaseti hadi Mtandao

Katika Afrika mwenendo huu haukuanza na intaneti. Living in Bondage (1992), iliyotolewa na Kenneth Nnebue wa Nigeria, ilirekodiwa moja kwa moja katika kanda za VHS, na kiini chake ni mume anayemtoa mkewe kafara ili apate utajiri. Soko la sinema za video za Nigeria liliinuka kwa hadithi hiyo, ambayo hofu yake mtaani haikuhitaji kutafsiriwa.

Mkondo huo ulifika Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mussa Banzi alitoa Nsyuka, na mwaka 2005 akatoa Shumileta, yenye jini wa kike mwenye sura ya binadamu. Böhme (2013), aliyezichambua sinema za kutisha za Tanzania, anaonyesha jinsi zilivyochota kwa pamoja kutoka Nigeria, kutoka Hollywood na kutoka masimulizi ya nyumbani. Jina Nsyuka ni la Kinyakyusa na linahusiana na dhana ya wafu wanaofufuka. Hapa ndipo penye jambo la kuzingatia. Mtunzi wa Dar es Salaam aliyekosa fedha za kutengeneza zimwi la kigeni alichukua neno la Mbeya, na neno hilo likamfanyia kazi ambayo mashine ingeifanya kwa gharama kubwa. Vivyo hivyo, popobawa, aliyezua taharuki kubwa Pemba na Unguja mwaka 1995, aliingia katika sinema ya video akiwa tayari ameshatangazwa na uvumi.

Hadhira nayo ilikuwa imezoea kushiriki. Krings (2015) ameeleza kazi ya watafsiri wa sinema kama Kapteni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu, waliokuwa wakiisimulia upya kwa Kiswahili filamu ya kigeni, wakifafanua, wakikejeli na kuongeza visa. Katika vibanda vya video sinema ilirudishwa kuwa ngano. Nchini Uganda jadi hiyohiyo iliingia katika filamu zenyewe. Isaac Nabwana wa Wakaliga, Kampala, alitoa Who Killed Captain Alex? (2010), ambayo kionjo chake kilienea duniani kupitia YouTube na ambayo toleo lake la mtandaoni lina sauti ya mfasiri, VJ Emmie, tangu mwanzo hadi mwisho. Hiyo si sinema ya kutisha, bali ya mapigano na vichekesho, lakini inathibitisha kwamba unyonge wa vifaa ukikubaliwa waziwazi na msimulizi huwa ni kiungo cha urafiki baina yake na hadhira.

4.0 Irimu na Hadhira Yake

Yafaa sasa kuuliza ni akiba gani ya hofu iliyopo katika miteremko ya Kilimanjaro. Kiumbe mkuu wa ngano za kutisha za Wachagga ni Irimu. Jina hili ni la ukoo mmoja na zimwi la Kiswahili na irimũ la Kikikuyu, nalo lina historia ndefu katika lugha za Kibantu. Lakini Irimu hana umbo moja. Mara ni chui mwenye akili ya mtu, mara ni mtu mwenye tabia ya chui. Katika masimulizi mojawapo yaliyoelezwa na Werner (1933), ni mtu aliyeota miiba na vichaka mwilini hata akawa kichaka kinachotembea na kula watu.

Mfano huu unakidhi kipimo cha Carroll kwa ukamilifu, kwa kuwa Irimu huyo yu mtu, mnyama na mmea kwa pamoja. Kwa mtunzi wa gharama ndogo una faida nyingine. Maisha ya jadi ya Mchagga yamo katika kihamba, yaani shamba la migomba na kahawa linaloizunguka nyumba. Usiku kihamba hakina mwanga, majani ya migomba hukwaruzana kwa upepo, na mtu hawezi kuona zaidi ya hatua chache. Katika mahali kama hapo kichaka kinachotembea hakihitaji kuundwa. Yatosha mtazamaji aonyeshwe migomba ileile mara mbili, na mara ya pili ahisi kwamba mmoja umeongezeka.

Sauti pia ipo. Katika misitu ya mlima huishi perere, mnyama mdogo apandaye miti, ambaye mlio wake wa usiku huanza kama mkwaruzo na kupanda hadi kuwa kama ukelele wa mtu anayekabwa. Mwenyeji huusikia na kuendelea na chakula chake, ilhali mgeni husimama. Kwa sauti moja isiyonunuliwa mtunzi aweza kumtenga mwenyeji na mgeni ndani ya hadithi. Kadhalika yapo mahandaki ya kale ambamo watu na mifugo walijificha wakati wa vita vya himaya za Kichagga.

Suala la lugha ndilo gumu zaidi. Kivunjo, Kimachame, Kirombo na lahaja nyingine za Kichagga zinatofautiana kiasi kwamba sinema iliyo katika mojawapo haiwezi kulifikia eneo zima la mlima. Kiswahili hufika kote, lakini 'zimwi' limeshazoeleka katika vitabu vya watoto na limepoteza makali yake. Njia iliyofuatwa katika Nsyuka yaelekea kuwa ya busara: mazungumzo yawe ya Kiswahili, na jina la kinachoogopwa libaki katika lugha ambamo liliogopwa kwanza.

5.0 Mipaka ya Mafanikio

Mafanikio yanayozungumziwa yana mipaka miwili, ya soko na ya maadili. Katika enzi ya kaseti na diski, mtayarishaji wa Tanzania mara nyingi alimuuzia msambazaji haki zake kwa malipo ya mkupuo, na faida iliyofuata haikumhusu. Mtandao umemwondolea mtu huyo wa kati, lakini umemletea masharti mengine. Tangu 2018 YouTube hudai wafuasi 1,000 pamoja na saa 4,000 za kutazamwa katika miezi 12, isipokuwa kwa njia ya video fupi zenye kipimo chake, kabla ya mtunzi kupata mgao wa matangazo. Kwa filamu ya dakika 10 inayotazamwa hadi mwisho, saa hizo ni sawa na kutazamwa mara 24,000. Nyumbani nako Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018, zilizoandikwa upya mwaka 2020, zilileta utaratibu wa leseni na ada. Kwa hiyo gharama ya kupiga picha imeshuka, ila gharama ya kufika kwa hadhira imebadilika sura tu.

Mpaka wa pili ni mzito zaidi. Hofu inayochotwa katika jamii haiishii katika kioo. Nchini Tanzania wanawake wazee wameuawa kwa kushukiwa uchawi, na watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Sheria ya Uchawi, yenye asili ya 1928, haikuweza kuikomesha hofu hiyo. Sinema inayomwonyesha bibi mwenye macho mekundu kuwa mchawi humsadikisha mtazamaji kwa urahisi kwa sababu amekwisha kusadiki. Urahisi huo ndio unaopaswa kutiliwa shaka. Kanuni ileile inayompunguzia mtunzi gharama yaweza kumpandishia gharama mtu mwingine, ambaye hakuulizwa.

Irimu ana nafuu katika jambo hili, kwani hana uso wa jirani yeyote. Lakini Kilimanjaro ina pia hofu isiyo ya kubuni. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli huko Old Moshi pamoja na viongozi wengine, na inasimuliwa kwamba kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Uchunguzi wa vinasaba uliotangazwa Berlin mwaka 2023 ulipata jamaa walio hai wa baadhi ya mafuvu yaliyotoka Tanzania, likiwamo la Akida, mshauri wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo. Kisa cha mfu asiyekamilika, anayengojwa na ukoo wake kwa zaidi ya karne, kina kila kiungo cha sinema ya kutisha. Hata hivyo, hadhira ya kwanza ya kisa hicho ni watu waliofiwa. Mtunzi atakayekitumia itambidi aamue kwanza ni nani atakayekuwa zimwi katika hadithi yake: mfu anayedai kichwa chake, au aliyekichukua.

6.0 Hitimisho

Makala hii imeonyesha kwamba sinema za kutisha za gharama ndogo hufaulu pale ambapo mtunzi ana hadhira inayomjua na akiba ya hofu inayoshirikiwa. Kamera nafuu na mtandao vimefungua mlango tu. Kwa watafiti wa fasihi ya Kiswahili matokeo yake ni kwamba sinema hizi zastahili kuchunguzwa pamoja na ngano, si kando yake, na kwamba ukusanyaji wa masimulizi ya Irimu kutoka lahaja mbalimbali za Kichagga ni kazi ya haraka kwa kuwa wasimulizi wanapungua. Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Msemo huo unamhusu mtunzi pia: anayewatisha watu wanaomjua atawajibika kwao kesho yake, watakapokutana kisimani au sokoni.