Musa wa Katuni: Kwa Nini Watazamaji Hawakubaliani?

Likizo ya shule iliyopita nilikuwa Mbagala, wilaya ya Temeke, kwa shangazi yangu. Jioni moja watoto wa pale nyumbani, pamoja na rafiki zao wa nyumba ya jirani, waliomba hela ya kibanda umiza. Siku hiyo hapakuwa na mpira. Kwenye ubao wa nje mwenye kibanda alikuwa ameandika kwa chaki kwamba kuna katuni ya Musa na Farao, tena imetafsiriwa. Nikaingia nao.

Filamu ilipokwisha, watu hawakuondoka. Mama mmoja Mkristo alikuwa amekasirika kwamba hadithi imechakachuliwa. Baba mmoja Mwislamu alikuwa ameshamtoa mwanawe katikati ya filamu, akabaki mlangoni kueleza kwa nini. Vijana wa benchi la nyuma walisema wazee wanakuza mambo, katuni ni katuni tu. Siku chache baadaye nilikuwa Mwananyamala, wilaya ya Kinondoni, kwa familia iliyoiangalia filamu hiyo hiyo sebuleni kwa Kiingereza. Nao walibishana, ila kwa mambo mengine kabisa.

Nilipolieleza jambo hili hewani, wengi wenu mliuliza: filamu hiyo ni ipi, na je, mtoto aiangalie? Makala hii ni majibu yangu.

Filamu yenyewe

Jina lake ni The Prince of Egypt, yaani Mwana wa Mfalme wa Misri. Ilitengenezwa Marekani na kampuni ya DreamWorks, ikatoka Desemba 1998. Ina urefu wa dakika 99. Inamfuata Musa tangu alipowekwa kwenye kisafina mtoni, akalelewa katika nyumba ya Farao, akakimbilia Midiani, hadi alipowatoa Waisraeli utumwani na kuvuka Bahari ya Shamu. Wimbo wake mmoja ulishinda tuzo ya Oscar mwaka 1999, na filamu iliingiza zaidi ya dola milioni 200 duniani.

Ni filamu ya zamani, lakini haijaisha muda. Kwenye flashi na simu za vijana wetu bado inazunguka, hasa nyakati za Pasaka na Krismasi. Na za namna yake zinazidi kuja. Mwaka 2025 ilitoka The King of Kings, katuni ya maisha ya Yesu iliyotengenezwa na Wakorea Kusini, na mwishoni mwa mwaka huo huo ikatoka David, ya mfalme Daudi, kutoka studio ya Cape Town, Afrika Kusini. Kwa hiyo mabishano niliyoyakuta Mbagala yanaweza kufika kwako pia.

Lalamiko la kwanza: haikuandikwa hivyo

Mama wa Mbagala alikuwa na hoja ya kweli. Filamu imebadilisha mambo, na ukifungua kitabu cha Kutoka utayaona.

Katika Kutoka sura ya 2, anayemwokota mtoto mtoni ni binti Farao. Kwenye filamu ni mke wa Farao. Katika sura hiyo hiyo, Musa anatazama huku na huku, anamuua Mmisri na kumficha mchangani. Kwenye filamu anamsukuma msimamizi anayempiga mtumwa mzee, naye anaanguka kutoka juu na kufa, kama ajali. Katika Kutoka sura ya 4, Musa anasema si mwepesi wa kusema, na Haruni anawekwa awe msemaji wake. Kwenye filamu Musa anajisemea mwenyewe, na Haruni ni mtu mwenye wasiwasi anayemrudisha nyuma ndugu yake. Kutoka sura ya 7 inampa Musa umri wa miaka 80 anaposimama mbele ya Farao. Kwenye filamu bado ana nguvu za kijana.

Badiliko kubwa kuliko yote ni lile lililomliza mtoto wa Mwananyamala. Filamu inamfanya Farao, anayeitwa Ramses, kuwa kaka wa Musa wa kulelewa naye. Wanashindana magari ya farasi pamoja, wanacheka pamoja, kisha wanageuka maadui. Kitabu cha Kutoka hakimtaji Farao huyo kwa jina, wala hakisimulii urafiki wao wa utotoni. Hayo ni ya watengenezaji.

Je, walificha? Hapana. Mwanzoni kabisa mwa filamu yanatokea maandishi yanayoeleza kwamba wametumia uhuru wa msanii, na kwamba habari yenyewe imo katika kitabu cha Kutoka. Wakati wa kuitengeneza waliomba ushauri kwa mamia ya wataalamu wa dini, Wayahudi, Wakristo na Waislamu. Lakini maandishi yale ni ya Kiingereza na yanapita haraka. Pale kibandani hakuna aliyeyasoma, na DJ aliyatumia kujitambulisha.

Lalamiko la pili: nabii hachorwi

Yule baba aliyemtoa mwanawe hakuwa na ugomvi na hadithi. Musa, amani iwe juu yake, ni nabii anayetajwa kwa jina katika Qur'ani kuliko nabii mwingine yeyote, na habari zake zimeelezwa kwa kirefu katika Sura Al-Qasas na nyinginezo. Shida yake ilikuwa picha. Kwa Waislamu wengi haifai kumchora nabii wala kumpa mwigizaji sauti yake, kwa sababu kufanya hivyo kunamshusha heshima, na watu huanza kuikumbuka ile sura ya kuchorwa badala ya mafundisho.

Hilo si wazo la mtu mmoja wa Mbagala. Mwanzoni mwa mwaka 1999, Malaysia na Maldives ziliizuia filamu hii kwa sababu za kidini. Wapo pia Waislamu wanaoiangalia bila tatizo, kama wale jirani zetu walioruhusu watoto wao waende. Lakini mzazi anayekataa ana msingi wake, na kumwambia kwamba katuni ni katuni tu si jibu. Nakiri kwamba sisi tuliobaki ndani tulimwona anakuza mambo, mpaka alipotueleza.

Hapa kuna jambo lililonishangaza. Tukirudi nyumbani, mjukuu wa shangazi na rafiki yake wa jirani walikuwa wanabishana ni nani aliyemtoa Musa majini. Mmoja alisema ni binti Farao, ndivyo alivyofundishwa shule ya Jumapili. Mwenzake alisema ni mke wa Firauni, ndivyo alivyofundishwa madrasa, na filamu imemuunga mkono. Kila mmoja alikuwa sahihi kwa kitabu chake: Kutoka inasema binti, na Sura Al-Qasas inamtaja mke wa Firauni akiomba mtoto asiuawe. Yaani filamu iliyomwudhi baba wa Kiislamu kwa picha, katika tukio hilo ilikuwa karibu zaidi na Qur'ani kuliko Biblia.

Lalamiko la tatu: DJ

Wasikilizaji wa vijijini mnawajua watafsiri wa muvi. Anakaa na maiki, sauti ya filamu inashushwa, yeye anaeleza kwa Kiswahili. Kazi hii ina historia ndefu Dar es Salaam. Mmoja wa waliovuma mapema ni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana kama Lufufu. Mtafsiri hasomi tafsiri neno kwa neno. Anasimulia, anaongeza utani, anawapa wahusika tabia za mtaani kwetu. Ndiyo maana kibanda kinajaa.

Nilichokisikia Mbagala kilikuwa hivyo. Farao alipokataa kuwaachia Waisraeli, DJ alimfanya aongee kama mwenye nyumba anayedai kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Kibanda kizima kilicheka, na mimi nilicheka. Lakini ilipofika sehemu ya kijiti kinachowaka moto bila kuteketea, utani uliendelea, na ndipo yule mama alipochemka. Familia ya Mwananyamala, iliyoangalia kwa Kiingereza, haikuelewa kabisa nilipowaeleza hasira zake. Wao tukio lile liliwanyamazisha, kwa sababu filamu yenyewe imeliweka kwa utulivu na heshima.

Basi yule mama alikuwa anailaumu filamu kwa maneno ambayo filamu haikuyasema.

Sauti tatu, filamu moja

Hapo ndipo nilipoelewa chanzo cha mabishano mengi. Ukiangalia filamu kama hii kibandani, wanaozungumza na mtoto wako ni watatu. Cha kwanza ni Kitabu. Wa pili ni waliotengeneza filamu, walioongeza na kupunguza ili hadithi itoshe dakika 99. Wa tatu ni DJ. Mtoto wa miaka saba anawasikia wote kama mtu mmoja, naye anaondoka akiamini yote yameandikwa.

Wanaoisifu filamu nao wana haki. Vijana wa benchi la nyuma walisema hawajawahi kuona utumwa ukieleweka hivyo: jua, matofali, mijeledi. Shangazi yangu alisema amesikia habari ya kisafina maisha yake yote, lakini siku ile ndiyo aliyofikiria hofu ya yule mama aliyemwachia mto mwanawe. Filamu nzuri ina uwezo huo.

Mzazi afanye nini?

Kwanza, amua kwa imani yako, usione haya. Kama picha za manabii hazifai nyumbani kwako, mweleze mtoto sababu badala ya kumfokea, na mwombe jirani asimwalike bila kukuuliza.

Pili, kama unaruhusu, iangalie wewe kwanza au kaa naye. Lipo tukio la vifo vya wazaliwa wa kwanza. Halina damu, lakini linatisha, hasa kwa mtoto ambaye yeye mwenyewe ni wa kwanza kuzaliwa. Kumbuka pia kwamba kwa sheria ya filamu ya mwaka 1976, filamu ya kuoneshwa hadharani inatakiwa ikaguliwe na Bodi ya Filamu na kupangiwa daraja. Kibandani hakuna anayekuonesha daraja hilo, hivyo mkaguzi ni wewe.

Tatu, filamu ikiisha fungueni kitabu. Kwa Wakristo, Kutoka sura ya 1 hadi ya 15 inasomeka kwa jioni mbili tatu. Kwa Waislamu, ustadhi wa madrasa atawaonesha aya za Al-Qasas. Muulize mtoto ni kipi alichokiona ambacho hakimo. Watoto wanaupenda mchezo huo, na kila mara swali ni moja: hili kasema nani?

Wale wawili wa Mbagala niliwaacha barazani wakiendelea kubishana. Shangazi alikuwa ameleta Biblia yake, na mtoto wa jirani alikuwa amekwenda kumwita kaka yake anayesoma Qur'ani.

Nawe msikilizaji, umeiona filamu hii au nyingine kama hii? Ilikuwa kwa lugha gani, na mlibishana nini nyumbani? Tutumie ujumbe, tutausoma hewani.