Vali Mpya ya Moyo: Uliza Kabla ya Kulazwa

Mara kwa mara tunaalikwa kwenye harambee ya mtu anayekwenda kupasuliwa moyo. Tunachanga, mgonjwa anakwenda. Lakini anakwenda kuwekewa nini hasa? Wengi wetu hatujui, na mara nyingine hata mgonjwa mwenyewe hajui. Mama mmoja mchuma chai kutoka upande wa Litein alituambia kwamba daktari alimtaka achague kati ya vali ya chuma na vali ya mnyama. Akajibu tu, "Daktari, wewe ndiwe unajua." Tulimsihi arudi akaulize vizuri.

Moyo una vali nne. Ni kama milango inayofunguka upande mmoja, damu ipite na isirudi nyuma. Huku kwetu vali nyingi huharibiwa na ugonjwa unaoanzia kooni. Mtoto wa miaka 5 hadi 15 anaumwa koo, hatibiwi, na baada ya wiki mbili tatu anashikwa na homa na viungo vinavimba. Nguvu za mwili zilizokuwa zikipigana na vijidudu zinageukia moyo. Miaka inapita. Halafu mtu mzima anashindwa kupanda kilima na kikapu mgongoni, miguu inavimba, na usiku hawezi kulala chali.

Si kila vali mbovu hubadilishwa. Nyingine hutanuliwa kwa puto, nyingine hurekebishwa. Ikishindikana, ndipo huwekwa mpya. Kazi hii hufanywa hata hapa Bomet, katika hospitali ya Tenwek iliyoanza mwaka 1937. Mgonjwa hulazwa usingizi, mfupa wa kidari hukatwa, moyo husimamishwa, na mashine hufanya kazi ya moyo na mapafu kwa muda huo. Mfupa ule huchukua miezi miwili mitatu kushikana. Hakuna kikapu, hakuna kuni, hakuna jembe. Zungumza na msimamizi wako shambani mapema.

Sasa turudi kwa swali la yule mama. Vali tunayoiita ya chuma (siku hizi hutengenezwa kwa kaboni ngumu) inaweza kudumu miaka mingi sana. Nyumba ikiwa kimya usiku, wengine husikia ikilia kama saa. Lakini damu hupenda kuganda juu yake, kwa hiyo utameza dawa ya warfarini kila siku maisha yako yote. Dawa ikipungua, donge laweza kuziba vali au kwenda ubongoni. Ikizidi, unatoka damu ndani kwa ndani. Ndiyo maana damu hupimwa mara kwa mara, kipimo kiitwacho INR. Dawa za kienyeji na dawa za maumivu za dukani usiguse bila kumwuliza daktari. Sukuma wiki, managu na sagaa unaweza kula, ila kwa kiasi kilekile kila wiki, maana mboga za majani hupunguza nguvu ya dawa hiyo. Na chai je? Kunywa tu, hata sisi tunakunywa!

Vali ya mnyama hutoka kwa nguruwe au ng'ombe. Wengi hawahitaji warfarini baada ya miezi michache ya kwanza. Ubaya wake huchakaa, mara nyingi miaka 10 hadi 15, na kwa kijana mapema zaidi. Hapo ni kupasuliwa tena.

Kwa mwanamke anayetaka kuzaa, jambo hili ni zito. Warfarini yaweza kumdhuru mtoto tumboni, hasa miezi ya kwanza, na kuiacha kwaweza kumwua mama. Mwambie daktari kabla ya upasuaji, wala usione haya. Aliye na vali ya chuma asishike mimba kabla ya kushauriana naye.

Nasi wachangaji tuna kosa letu. Tunafunga daftari siku ya upasuaji, kumbe nauli na pesa za kupima damu ndizo zinaanza. Tumeona mtu akiacha dawa kwa kukosa nauli ya matatu.

Yule mama alirudi kwa daktari pamoja na mume wake. Ana miaka 26 na mtoto mmoja, na anataka wengine. Amechagua ya mnyama, akijua atapasuliwa tena. Mume ameanza kuweka akiba kutoka bonasi ya chai.