Daktari akijua dereva ana kifafa, amtaje au anyamaze?

Chukua mfano wa kijana wa bodaboda hapa Sola. Mwaka huu ameanguka mara mbili, akakakamaa na kupoteza fahamu. Zahanati wamemwambia ni kifafa, wakampa dawa. Kesho yake asubuhi anabeba wanafunzi wawili kuwapeleka shule. Daktari anajua. Je, awaambie polisi?

Kwa kawaida siri ya mgonjwa haitolewi. Maadili ya udaktari yanaruhusu itolewe pale sheria inapoagiza, au maisha ya watu wengine yanapokuwa hatarini. Hapo ndipo ubishi unapoanza.

Katika jimbo la California, Marekani, daktari analazimika kuripoti mgonjwa mwenye maradhi ya kupoteza fahamu. Uingereza, wajibu wa kwanza ni wa dereva mwenyewe kuijulisha mamlaka ya leseni. Akikataa na kuendelea kuendesha, daktari anaweza kumripoti. Mwenye kifafa kwa kawaida hurudi kuendesha gari dogo baada ya mwaka mzima bila kuanguka.

Kumwachia dereva kuna hatari yake. Tarehe 22 Desemba 2014, mjini Glasgow, dereva wa lori la taka alizimia kwenye usukani, watu 6 wakafa. Uchunguzi ulionyesha alishazimia kwenye usukani wa basi mwaka 2010, akaficha.

Lakini kumlazimisha daktari nako kuna hasara. Dereva akiogopa kutajwa hatakwenda zahanati. Atakosa dawa, na barabarani ataendelea kuwepo.

Kwetu, Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka mwenye leseni awe na afya ya kuendesha bila kuhatarisha wengine. Kwa hiyo usisubiri kutajwa:

- Mwambie daktari kwamba kazi yako ni udereva, kisha uliza: "Naweza kuendesha?"
- Ukiwa na kisukari na unatumia insulini, usiendeshe na njaa. Sukari ikishuka unaweza kuzimia.
- Macho yakififia, yapimwe kabla ya kushika usukani.
- Usikatishe dawa kwa sababu umepata nafuu.

Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 70 ya wenye kifafa wanaweza kuishi bila kuanguka wakitibiwa ipasavyo. Kuegesha pikipiki kwa muda, ukalima au ukauza duka huku dawa zikifanya kazi, si mwisho wa riziki. Na wewe ndugu unayeishi naye, ukimwona ameanguka leo, usimpe ufunguo kesho.