Hotuba Kwanza, Mahema Baadaye

Katika vyuo vikuu vya Marekani, rais mpya hupewa madaraka na bodi, si na joho. Drew Faust alianza urais wa Harvard tarehe 1 Julai 2007, akatawazwa tarehe 12 Oktoba; kwa zaidi ya miezi mitatu alikuwa rais kamili bila tarumbeta wala maandamano. Kwa hiyo kamati ya maandalizi ya sherehe ya kutawazwa, kabla haijaagiza hata kiti kimoja, ijiulize: kama rais ameshakuwa rais, shughuli ni ya nini? Naona ni ya kumfunga kwa maneno yake mwenyewe mbele ya mashahidi, na kila kipengele cha ratiba kipimwe kwa hilo.

Ushahidi mzuri unatoka hapohapo Harvard. Oktoba 1869 Charles Eliot, mkemia mwenye umri wa miaka 35 ambaye uteuzi wake ulipingwa na baadhi ya waangalizi wa chuo, alitawazwa kuwa rais na kuhutubia kwa saa moja na dakika 45. (Leo hakuna kamati ambayo ingemwachia, na wageni wangeishukuru.) Alisema ubishi wa kipi kifundishwe, lugha za kale au sayansi, hauna maana kwa kuwa chuo kinavitaka vyote, na kwamba mwanafunzi apewe nafasi ya kujichagulia masomo. Alikaa madarakani miaka 40, na mfumo huo wa uchaguzi wa masomo akaujenga hatua kwa hatua. Aliyetaka kumpinga alijua anapinga nini. Aliyemuunga mkono alikuwa na cha kumdai.

Sisemi madoido yote ni upuuzi. Wajumbe wa vyuo vingine huandamana kwa kufuata mwaka wa kuanzishwa kwa vyuo vyao, kikongwe kikitangulia, na kuipanga foleni hiyo ni kazi ya kuchosha: kila mwaliko unasubiri jibu, kila jibu linahakikiwa mwaka na cheo. Rais wa Harvard hukabidhiwa funguo mbili za fedha, mihuri miwili na hati ya chuo ya mwaka 1650. Vitu hivyo vinamkumbusha kwamba chuo alikikuta na atakiacha, na hapo ahadi yake hupata uzito.

Wapo wanaolalamikia gharama, na ada zinapopanda wana haki. Ila kinachokula fedha ni karamu, mahema na bendi. Hotuba haigharimu kitu, nayo ndiyo huandikwa dakika za mwisho. Pingamizi gumu zaidi ni mfano wa Claudine Gay, rais wa Harvard aliyetawazwa tarehe 29 Septemba 2023 na kutangaza kujiuzulu tarehe 2 Januari 2024. Sherehe haikumkinga. Ni kweli, lakini ahadi ya hadharani haimkingi aliyeitoa. Inampa msikilizaji kipimo cha kumpimia, muda wake uwe mrefu au mfupi.

Kwenye vyuo vikuu vya umma vya Tanzania, heshima ya sherehe na kazi ya kuendesha chuo zimegawanywa kwa watu wawili. Anayesimikwa kwa shangwe ni Mkuu wa Chuo, ambaye tunamwona zaidi kwenye mahafali akitunuku shahada. Bajeti, mitaala na walimu viko mikononi mwa Makamu Mkuu wa Chuo, na hotuba inayostahili kuwekwa kumbukumbu ili idaiwe baadaye ni yake.