Anapoumia mpinzani, nafasi yake ni ya nani?

Na Mwandishi Wetu, Mbarara

IJUMAA ya Januari 24, 2025, mjini Melbourne, Australia, Novak Djokovic alicheza seti moja tu ya nusu fainali dhidi ya Alexander Zverev wa Ujerumani. Aliipoteza kwa 7-6, akaenda wavuni, akampa mpinzani wake mkono na kukusanya raketi zake. Msuli wa paja ulikuwa umechanika. Alipokuwa akitoka, baadhi ya watazamaji walimzomea.

Walikuwa wamelipa fedha nyingi kuona mchezo wa saa tatu au nne. Walipata wa kiasi cha saa moja na dakika 20.

Aliyewanyamazisha alikuwa Zverev mwenyewe, ambaye ndiye aliyefaidika kwa kuingia fainali bila kutoka jasho la seti ya pili. Alipopewa kipaza sauti, kabla ya kusema lolote juu ya ushindi wake, aliwaomba wasimzomee mchezaji anayejitoa kwa kuumia. Akawakumbusha kwamba mtu huyo huyo aliwahi kutwaa taji la Melbourne akiwa na msuli wa tumbo uliochanika, na mwaka mwingine akiwa na wa paja.

Picha hizo zilizagaa kwenye simu, na hapa kwetu ilikuwa bado asubuhi. Hazikuchelewa kufika Nakivale, makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Isingiro yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, ambako Wakongo, Warundi, Wanyarwanda na Wasomali wanaishi bega kwa bega, na ambako Kiswahili ndicho kinachouza na kununua sokoni. Mwandishi wa makala haya aliikuta picha hiyo ikipita kutoka mkono hadi mkono pale Base Camp, miongoni mwa watu waliokuwa wakisubiri gari la mahindi na maharage.

Vijana walicheka. Kwao, mchezaji anayeshika paja ni mwongo mpaka athibitishe vinginevyo. Ukweli ni kwamba hawakosei sana. Wamelelewa na mpira wa miguu kwenye vibanda vya video, na yeyote aliyekaa jukwaani Kakyeka mjini Mbarara anajua jinsi mchezaji wa timu inayoongoza anavyougua ghafla dakika ya 85, akabebwa kwa machela, kisha akarudi mbio kama swala. Kuzomea pale ni namna ya mashabiki kusema kwamba wao si wajinga.

Tenisi nayo ina wajanja wake. Kanuni inampa mchezaji aliyeumia dakika tatu za matibabu, na wapo walioziomba pale tu mpinzani alipokuwa amepamba moto, ili apoe. Shida ni kwamba mtazamaji haoni msuli. Djokovic alilazimika kuweka hadharani picha ya hospitali ya paja lake ndipo baadhi ya watu waamini.

Lakini mzee mmoja Mrundi aliyekuwa amekaa pembeni hakuuliza kama mtu huyo ameumia kweli. Aliuliza akikaa nje mwaka mzima, cheo chake anakishika nani.

Swali hilo lina historia ndefu kwenye tenisi kuliko vijana wale walivyodhani.

Zverev alilijua jibu kwa mwili wake. Juni 3, 2022, katika nusu fainali ya Paris dhidi ya Rafael Nadal, alikuwa amepoteza seti ya kwanza na ya pili ilikuwa 6-6, baada ya zaidi ya saa tatu, pale mguu wake wa kulia ulipopinda. Alipiga kelele zilizosikika uwanja mzima. Alitolewa kwa kiti cha magurudumu, akarudi kwa magongo kuaga, Nadal akitembea kando yake. Watu wote walisimama kumpigia makofi. Siku chache baadaye orodha ya ubora ilimpandisha hadi nafasi ya pili duniani, akiwa hawezi hata kukanyaga chini. Mwaka 2023 alirudi kwenye mashindano na kujikuta nje ya kumi bora.

Hata hivyo, kisa kinachouma kuliko vyote ni cha Monica Seles.

Aprili 30, 1993, Seles, mzaliwa wa Novi Sad katika Yugoslavia ya zamani, alikuwa na miaka 19, namba moja duniani, na mataji manane makubwa mkononi. Mjini Hamburg, Ujerumani, alikuwa akiongoza robo fainali dhidi ya Magdalena Maleeva kwa 6-4, 4-3. Wakati wa kubadilisha upande alikaa kwenye kiti chake kunywa maji. Mwanamume mmoja akashuka kutoka jukwaani, akainama juu ya ukingo na kumchoma kisu mgongoni, kati ya mabega.

Hakuwa na ugomvi na Seles. Alikuwa shabiki wa Steffi Graf, na alitaka Mjerumani huyo arudi kuwa namba moja.

Mashindano yaliendelea. Siku mbili baadaye ilichezwa fainali, Arantxa Sanchez Vicario akamshinda Graf. Mtu aliyemchoma alipewa kifungo cha miaka miwili kilichosimamishwa, yaani alirudi nyumbani. Juni mwaka huo huo Graf akawa namba moja. Alichokitaka mwenye kisu kilitimia, ingawa Graf hakuwa na hatia yoyote na alikwenda kumwona mwenzake hospitalini.

Kidonda chenyewe hakikuwa kirefu, kilifunga mapema. Kilichobaki ni hofu, na pamoja nayo jambo lililotokea Roma siku chache baada ya shambulio. Wachezaji wa juu waliulizwa kama nafasi ya Seles ilindwe mpaka atakapopona. Karibu wote walikataa. Gabriela Sabatini wa Argentina peke yake ndiye aliyekaa kando bila kupiga kura ya kukataa.

Ni rahisi kuwalaani. Kila mmoja wao alikuwa na hesabu yake: nafasi moja juu ni fedha za wadhamini, ni kukwepa mpinzani mgumu raundi ya kwanza. Kama nafasi ya mgonjwa inashikiliwa, aliye mzima anasimama mlangoni mpaka lini?

Nakivale hesabu hiyo haihitaji kufafanuliwa. Mwezi huo huo wa Juni 1993, mkataba wa Arusha juu ya kurudi kwa wakimbizi wa Rwanda ulipendekeza kwamba waliokaa nje zaidi ya miaka kumi wasidai mashamba ambayo tayari yana watu. Burundi ilichukua njia nyingine: mkataba wa Arusha wa Agosti 2000 ulisema anayerudi arudishiwe mali yake, ardhi ikiwemo, au alipwe fidia, na mwaka 2006 ikaundwa tume ya ardhi, CNTB. Waliokimbia mwaka 1972 walirudi Rumonge na Makamba wakakuta michikichi yao inavunwa na watu waliozaliwa hapo hapo. Wafanyabiashara wa mpakani wameyaonja kwa kipimo kidogo. Mpaka wa Gatuna ulipofungwa Februari 2019, hadi kufunguliwa tena mwisho wa Januari 2022 mteja wa zamani alikuwa amekwisha kuzoea duka jingine.

Tenisi ya leo imejaribu kukaa katikati. Kwa upande wa wanaume, mchezaji aliyekaa nje kwa kuumia miezi sita au zaidi anaweza kuomba cheo chake kihifadhiwe. Huchukuliwa wastani wa nafasi yake katika miezi mitatu ya kwanza ya kuumia, na atakaporudi atautumia kuingilia mashindano kadhaa, kwa muda maalumu. Wanawake wana utaratibu unaofanana na huo. Cheo hicho hakimpi pointi hata moja. Humfungulia mlango tu, na akishaingia ni juu yake, kwani aliyekalia nafasi yake hafukuzwi.

Warundi, kwa njia, wana kijana wao wa kutaja kwenye habari za kuumia. Hassan Ndayishimiye, aliyepoteza sehemu ya mkono wa kulia utotoni, alifika Wimbledon katika mashindano ya vijana ya mwaka 2012, akicheza kwa mkono wa kushoto. Mzee wa Base Camp alikuwa hajawahi kumsikia. Alitaka jina lirudiwe mara mbili.

Seles alirudi Agosti 1995, baada ya zaidi ya miaka miwili. Safari hii chama cha wachezaji wa kike kilikubali awe namba moja pamoja na Graf, wawili kwenye kiti kimoja. Alishinda mashindano yake ya kwanza huko Toronto. Septemba alikutana na Graf mwenyewe katika fainali ya Marekani, mbele ya watu waliomshangilia tangu alipoingia, akashindwa 7-6, 0-6, 6-3. Januari 1996 alitwaa taji la Australia. Lilikuwa la tisa, na hakupata la kumi.

Tangu Hamburg, mchezaji anapokaa kupumzika walinzi husimama nyuma yake wakiwatazama watazamaji. Ukiangalia mchezo wowote mkubwa utawaona.

Seles aliendelea kucheza mpaka mwaka 2003, Australia, Marekani, Paris, London. Ujerumani hakucheza tena.