Gesi ya Choo: Kwa Nini Moto ni Mdogo?

 

Leo tunazungumzia choo kinachotoa gesi ya kupikia. Kinyesi huingia katika tangi lililofungwa chini ya ardhi. Humo hamna hewa, na bakteria hukiozesha mpaka kitoe gesi inayowaka. Mama akipikia gesi hiyo, mtoto aliyembeba mgongoni havuti moshi wa kuni, na moshi huo huchangia nimonia kwa watoto wadogo.

Lakini wenye mitambo hulalamika: moto ni mdogo. Basi tufanye hesabu. Kinyesi cha mtu mmoja hutoa kama lita 20 hadi 30 za gesi kwa siku. Nyumba ya watu 6 itapata lita 150 hivi, ambazo ni moto wa nusu saa. Utachemsha chai na uji wa mtoto, wali wa nazi hautaiva. Ndiyo maana kule Kibera, Nairobi, shirika la Umande Trust lilijenga mitambo hii kwenye vyoo vya umma, ambako watumiaji ni wengi.

Nyumbani, ongeza samadi. Kinyesi cha binadamu kina naitrojeni nyingi, na ikizidi huwadhuru bakteria. Mavi ya ng'ombe husawazisha, na kilo 10 tu huweza kutoa lita 300 au zaidi. Amu mjini ng'ombe ni wachache, lakini punda, alhamdulillahi, hawajatupungukia! Mavi yao yana nyuzi nyingi, kwa hiyo ondoa majani makavu, uyavuruge vizuri na maji, la sivyo yataelea na kuganda juu.

Sasa sikiliza hapa, mama. Usisafishe choo hicho kwa Jik wala dawa nyingine ya kuua viini. Itawaua bakteria wako, na moto unaweza kupotea kwa wiki nyingi. Tumia brashi na maji. Kuchamba kwa maji hakuna neno. Maji ya kuoga na ya kufulia ndiyo yapitishwe kwingine. Maji ya kisima chenye chumvi kali pia hudhoofisha bakteria. Tumia kisima chenye chumvi kidogo, na maji ya jabia tuyaweke kwa kunywa.

Wengine huniuliza kama chakula kitaingia uchafu. Kiafya, hapana: kinachofika jikoni ni gesi tu. Kuhusu najisi, muulizeni imamu, mimi ni muuguzi.

Hatari iko kwenye tope linalotoka. Mayai ya minyoo huweza kuwa hai bado. Usilimwage kwenye mchicha wala karibu na kisima. Lifukie mbali na kisima, kwenye shina la mnazi, kisha nawa mikono kwa sabuni. Na ukisikia harufu ya yai bovu jikoni, usiwashe kiberiti. Funga valvu, fungua madirisha, toka nje na watoto, umwite fundi.

Wiki ijayo, inshallah, tutazungumzia chanjo ya surua. Kwaherini.