Dhamira Tegemezi katika Vishazi Vielezi vya Kiswahili: Mfano wa "mpaka", "ili" na "kabla"

Karani wa ghala la viazi huko Isongole, wilayani Rungwe, anaweza kuandika katika daftari lake mojawapo ya sentensi hizi mbili, ambazo zimetungwa, kama mifano yote ya makala haya, kwa ajili ya uchambuzi:

(1) a. Viazi vilizuiwa ghalani mpaka mnunuzi alipe.
b. Viazi vilizuiwa ghalani mpaka mnunuzi alipolipa.

Kiunganishi ni kimoja na tukio la kishazi kikuu limepita katika sentensi zote mbili. Hata hivyo, anayelisoma daftari hilo msimu unaofuata hana haki ya kuzichukulia kuwa sawa. Sentensi (1b) inathibitisha kwamba fedha zilitolewa. Sentensi (1a) inataja sharti la kuvizuia viazi na kuliacha wazi suala la malipo. Inawezekana kuiendeleza kwa kusema "lakini hakulipa kamwe". Nyongeza hiyo ikiunganishwa na (1b) huleta mgongano.

Maelezo yaliyozoeleka darasani huihusisha -e na amri ya upole, ombi, ushauri na kusudi. Kwa vishazi huru maelezo hayo yanatosha. Katika vishazi vielezi hayatoshi, kwa kuwa katika (1a) hakuna anayeamriwa wala kuombwa. Ikumbukwe pia kwamba irabu -e yenyewe si alama ya lazima: vitenzi vyenye asili ya Kiarabu kama "rudi" na "jibu" havibadili irabu ya mwisho, na katika "mpaka arudi" dhamira hutambulika kwa kukosekana kwa kiambishi cha njeo.

Jibu jepesi ni kwamba -e huonyesha tukio ambalo bado halijatokea. Kwa "ili" jibu hilo linaelekea kufaa. Katika "Alidamka alfajiri ili awahi gari la Mbeya", kuwahi kulikuwa mbele ya kudamka, na msikilizaji haambiwi kama gari liliwahiwa. Tatizo huanzia kwenye mazoea:

(2) Kila asubuhi dereva husubiri mpaka ukungu uondoke.

Ukungu huo umeondoka mara nyingi, na msemaji anajua hivyo. Bado -e inatumika bila shida yoyote. Hapa ulinganisho na Kihispania unasaidia, kwa sababu sarufi ya lugha hiyo hubagua dhamira ndani ya vishazi vielezi kwa namna inayokaribiana na hii. Baada ya "hasta que", Kihispania hutumia dhamira tegemezi kwa tukio linalotazamiwa, "hasta que pague", na dhamira arifu kwa tukio lililothibitika, "hasta que pagó". Lakini kwa mazoea kama ya (2), Kihispania hurudi kwenye dhamira arifu, "hasta que paga", kwa kuwa tukio hujulikana kutokea. Kiswahili hakifuati njia hiyo. Kinachotazamwa ni kama msemaji anadai kutokea kwa tukio mahususi. Katika (2) hakuna asubuhi moja inayodaiwa, hivyo -e inabaki. Tofauti ya pili ni ya njeo: sentensi (1a) ingetafsiriwa kwa "hasta que pagara", umbo la wakati uliopita, ilhali "alipe" ya Kiswahili haibebi njeo na huutegemea wakati wa kishazi kikuu.

"Kabla" ina tabia yake. Kihispania hudai dhamira tegemezi kila mara baada ya "antes de que", hata kwa jambo lililokwisha kutokea. Kiswahili Sanifu hufika mahali hapohapo kwa ukanushi: "Gari liliondoka kabla mvua haijanyesha." Mvua huenda ilinyesha saa moja baadaye. Kinachokanushwa na "haija-" ni kunyesha kufikia wakati wa kuondoka, wala si kunyesha kabisa. Msomaji anayeichukua kauli hiyo kuwa taarifa ya ukame amekosea, na mfasiri anayeipeleka katika lugha nyingine pamoja na ukanushi wake atapotosha ushahidi.

Umbo lenye -ka-, "mpaka mnunuzi akalipa", liko upande wa (1b): linadai tukio, ila linalipanga katika mfuatano wa masimulizi badala ya kulielekeza kwenye wakati wake. Hapa inatosha kulitaja tu.

Kwa wanafunzi wa Rungwe ambao lugha yao ya nyumbani ni Kinyakyusa, umbo lenyewe si geni. Kinyakyusa kina -e hiyohiyo, kama katika "tubombe", yaani "tufanye kazi", na Meeussen (1967) aliihesabu miongoni mwa viambishi vya Mame-Bantu. Kwa hiyo, mwanafunzi anapoandika (1a) akikusudia (1b), kulitafuta kosa katika mofolojia ya lugha ya kwanza hakuna msingi wa kutosha. Umbo aliloandika ni sahihi kisarufi. Lililokosekana ni dai la kwamba mnunuzi alilipa. Msahihishaji anayezungushia "alipe" wino mwekundu bila kumuuliza kama fedha zilitolewa au la bado hajamwonyesha kosa lilipo.